Chembe Ngumu Ndani ya Metali Laini



Katika mizigo ya vyuma chakavu ipitayo mitaani kwetu Mabawa, hapa Tanga, juu ya mikokoteni, hupatikana vitu viwili ambavyo mnunuzi huviita kwa jina moja la alumini, navyo ni sufuria iliyotoboka na pistoni iliyochakaa ya injini ya lori. Vinafanana rangi, uzito wake kwa ujazo ulio sawa hautofautiani kwa kadiri ya kujulikana kwa mkono, na makaa yanayoyeyusha hiki hayachelewi kuyeyusha hicho. Walakini mwenye kutia tupa juu ya sufuria ataona meno ya tupa yanazibwa na metali laini inayong'ang'ania humo, na akihamia kwenye pistoni ataona unga wa kijivu ukimwagika mkavu, na mwenye kuipiga sufuria kwa nyundo ataikunja, ilhali pistoni, ikizidiwa na pigo, huvunjika na kuonyesha uso wa chengachenga. Mhadhara huu unahusu tofauti hiyo, asili yake na manufaa yake, kwa kuwa aliyeifahamu sawasawa amekwisha kufahamu nusu ya ilimu moja kubwa ya zama hizi, nayo ni ilimu ya kuimarisha metali laini kwa kuichanganya na chembe zilizo ngumu kuliko yenyewe.

Kinachoitofautisha pistoni na sufuria ni silikoni. Pistoni nyingi husubiwa kwa alumini iliyotiwa silikoni kiasi cha sehemu 12 katika kila 100. Alumini ikiwa majimaji huipokea silikoni hiyo yote ikayeyuka ndani yake. Lakini ikifika kuganda, katika joto la sentigredi 577, haiwezi tena kushika ndani ya fuwele zake zaidi ya sehemu 1.65 katika 100, na kadiri ipoavyo ndivyo uwezo huo unavyopungua, hata silikoni iliyobaki haina budi kujitenga na kusimama peke yake. Mkikata kipande cha pistoni, mkakisugua kwa msasa mkali na kisha kwa msasa laini uliotiwa maji, mkamalizia kwa kitambaa chenye unga wa kung'arishia mpaka isionekane alama yoyote ya mkwaruzo, kisha mkakiweka chini ya hadubini, mtaona uwanja mweupe uliotapakaa vipande vya kijivu, vingine vinene vyenye pembe, vingine virefu vyembamba vyenye ncha. Kile cheupe ni alumini, iliyo laini. Kile cha kijivu ni silikoni, ambayo kwa ugumu wake huweza kukwaruza kioo. Basi pistoni hudumu katika silinda miaka mingi, ikipanda na kushuka mara maelfu kila dakika chache, kwa sababu mzigo wa msuguano hupokewa na vile vipande vya kijivu, na weupe uliovizunguka kazi yake ni kuvishika visitoke mahali pake.

Hapo hapo pana funzo la pili, ambalo mafundi wengi hawalipati. Silikoni ikiganda kwa hiari yake hujikusanya kuwa mabamba yenye ncha kali, na kila ncha huwa mahali pa kuanzia ufa. Mwaka 1921 mtaalamu aitwaye Aladar Pacz alipewa hataza nchini Marekani kwa kuonyesha kwamba chumvi ya floridi yenye sodiamu ikitiwa katika alumini na silikoni zilizoyeyuka, mabamba hayo huacha tabia yao na kugeuka nyuzi fupi nyembamba zilizotawanyika. Sodiamu inayobaki ndani haizidi sana sehemu 1 katika 10,000, wala silikoni haikuongezwa wala kupunguzwa. Lililobadilika ni umbo la chembe na mtawanyiko wake tu, na metali iliyokuwa ikikatika kavu ikawa na uwezo wa kuvutika kabla ya kukatika. Nawaomba mlishike neno hili, kwa maana yote yatakayofuata yanalizunguka: nguvu ya mchanganyiko haitokani na ugumu wa chembe peke yake, bali na umbo lake, ukubwa wake, masafa yaliyopo baina yake na wenzake, na zaidi ya yote, namna ilivyoshikwa na metali inayoizunguka.

Ili tujue chembe inafanya nini, yatupasa kwanza tujue metali inakunjikaje. Ndani ya metali atomi hukaa kwa safu zilizopangika, tabaka juu ya tabaka, na kila mkusanyiko wa mpango mmoja huitwa fuwele. Wataalamu walipopiga hesabu ya nguvu inayohitajiwa ili tabaka zima la atomi lisogee juu ya tabaka jingine kwa mara moja, walipata jibu lililoshinda kwa mamia ya mara nguvu iliyopimwa kwa kweli katika metali safi. Hesabu haikuwa na taksiri, na vipimo havikuwa na taksiri, na kwa hiyo ilibidi dhana yenyewe ibadilishwe. Mwaka 1934 watu watatu, Taylor wa Uingereza na wenyeji wawili wa Hangaria, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walitoa jawabu moja, kwamba tabaka halisogei zima. Watu wanaotaka kusogeza jamvi kubwa zito bila ya kuliinua hawalivuti lote. Huushika ukingo mmoja wakafanya mkunjo, kisha wakausukuma mkunjo huo kwa miguu kutoka upande huu mpaka upande wa pili, na mkunjo ukiisha kutoka, jamvi zima limekwisha kusogea kidogo, na kazi imefanywa na watu wachache. Mkunjo wa namna hiyo ndani ya fuwele ndio uitwao dislokesheni, nayo ni kasoro ya mstari mmoja katika mpango wa atomi, na metali laini ni laini kwa sababu kasoro hizo zinatembea ndani yake bila ya kizuizi.

Jambo likiwa ndivyo lilivyo, kuiimarisha metali maana yake ni kuziwekea dislokesheni vizuizi njiani. Orowan alirudi katika suala hili, na katika maandishi yaliyopigwa chapa mwaka 1948 alieleza kwamba mstari wa dislokesheni ukikutana na chembe mbili ngumu usizoweza kuzikata, hujipinda baina yake, ukazidi kupindika mpaka ncha zake zikutane nyuma ya chembe, ndipo uendelee na safari ukiacha kitanzi kimezunguka kila chembe. Kupindika huko kunataka nguvu, na nguvu hiyo huongezeka kadiri chembe zinavyokaribiana. Hesabu yake si ngumu, na natija yake inafundisha sana. Katika alumini, chembe zikiachana kwa mikromita 10, ambazo ni sehemu 1 katika 100 za milimita, ongezeko la nguvu kwa njia hii halifiki hata megapaskali 1. Zikikaribiana mpaka nanomita 100, yaani sehemu 1 katika 10,000 za milimita, ongezeko hupanda likakaribia megapaskali 74, ilhali alumini safi iliyolainishwa kwa moto huanza kukunjika kwa msongo wa megapaskali 30 hivi au pungufu. Kwa hiyo mtu anayetia ndani ya alumini yake chembe zinazoonekana kwa macho, akitumaini kuzuia dislokesheni, ameweka nguzo katika barabara pana mno: wenye kupita watapita.

Chembe ndogo za kadiri hiyo hazitiwi kwa mkono. Huzaliwa ndani ya metali yenyewe. Alfred Wilm, Mjerumani, aliona mwaka 1906 kwamba alumini yenye shaba kiasi cha sehemu 4 katika 100 na magnesiamu kidogo, ikipashwa moto na kuzimishwa ghafula katika maji, huendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa ikiwa imelazwa tu bila ya kufanyiwa kitu. Metali hiyo ikauzwa kwa jina la Duralumin, ikajengewa vyombo vya angani, na watu wakaitumia kwa karibu miaka 30 kabla ya sababu yake kuonekana. Ni mwaka 1938 ambapo Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipotumia miale ya eksirei na kuthibitisha kwamba atomi za shaba zilikuwa zikijikusanya polepole kuwa vijisahani vidogo visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Hali kadhalika panga lililofuliwa kutokana na springi ya lori, likazimishwa majini na kurudishiwa moto kidogo, hupata sehemu ya nguvu yake kwa chembe ndogo za chuma na kaboni zinazozaliwa ndani ya pua wakati wa moto huo wa pili, na mhunzi ambaye hajasikia kamwe habari za Orowan anazitawala kwa kutazama rangi ya metali inavyogeuka. Aibu iliyopo katika chembe za namna hii ni kwamba zilizaliwa kwa moto na kwa moto huharibika: Duralumin ikikaa katika joto la sentigredi 200 na zaidi, chembe ndogo humezwa na kubwa, masafa baina yake huongezeka, na nguvu hupotea.

Sasa tuje kwenye chembe zinazotiwa kwa mkono, ambazo kwa desturi ni za mikromita 10 hadi 50, na ambazo, kwa hesabu tuliyoiona, hazina faida kubwa katika kuzuia dislokesheni moja moja. Zinasaidiaje, basi? Zinasaidia kwa kubeba. Ukinzani wa alumini dhidi ya kuvutika ni gigapaskali 70. Wa silikoni kabaidi, ile inayofanyiwa mawe ya kunolea, ni zaidi ya 400. Vitu viwili hivi vikifungamana na kuvutwa pamoja, kile kikakamavu hakikubali kurefuka kwa kadiri ya mwenzake, nacho hutwaa sehemu kubwa ya mzigo kuliko haki ya ujazo wake. Alumini yenye sehemu 20 katika 100 za silikoni kabaidi hufikia ukinzani wa karibu gigapaskali 100, na uzito wake haukuongezeka ila kidogo sana, maadamu kipimo cha uzito wa alumini ni 2.7 na cha silikoni kabaidi ni 3.2, hali chuma cha pua ni karibu 7.9. Lakini mzigo huo hupitia wapi mpaka uifikie chembe? Hupitia katika uso ambapo chembe na metali zinagusana, wala hauna njia nyingine. Uso huo ukiwa na ufa, au pengo la hewa, au uchafu, chembe haitabeba chochote, nayo itakuwa sawa na tundu, tena tundu lenye pembe.

Pana pia faida nyingine, ya kificho zaidi, nami naipenda kwa sababu inatokea bila ya mtu kuikusudia. Alumini ikipoa husinyaa sana. Silikoni kabaidi husinyaa kidogo. Chukueni mchanganyiko uliokuwa katika joto la sentigredi 500 ukapoa hata joto la mchana wa Tanga: alumini inataka kupungua kiasi cha sehemu 11 katika kila 1,000 za urefu wake, na chembe haitaki kupungua zaidi ya 2. Kwa chembe ya mikromita 20 tofauti hiyo ni nanomita 180, ambazo ni zaidi ya mara 600 ya hatua moja ya dislokesheni katika alumini. Metali iliyoibana chembe haina pa kwenda. Hulazimika kukunjika pembezoni mwa kila chembe, na kukunjika huko huzalisha dislokesheni mpya kwa wingi, zikasongamana na kuzibana njia zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo chembe ambayo ni kubwa mno kuweza kuzuia dislokesheni huzaa umati wa dislokesheni unaozuiana, na metali ikatoka katika kalibu ikiwa imekwisha kuwa ngumu kabla ya kupigwa nyundo hata moja. Fauka ya hayo, chembe nyingi zilizotapakaa huzizuia fuwele za alumini zisikue zikawa kubwa, na metali yenye fuwele ndogo, kama walivyoandika wataalamu wa metali Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953, ina nguvu kuliko yenye fuwele kubwa.

Chembe zenyewe ni za asili gani? Silikoni kabaidi ni kazi ya mikono ya binadamu, aliyoipata Edward Acheson wa Marekani mwaka 1891, nayo hufanywa kwa kupitisha umeme mkali katika mchanga uliochanganywa na makaa ya koki. Ya pili kwa sifa ni alumina, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, na hii, mabibi na mabwana, tunayo ardhini kwetu katika sura yake iliyo bora kuliko zote. Katika Bonde la Umba, kaskazini mwa mkoa huu karibu na mpaka wa Kenya, wachimbaji wamekuwa wakitafuta yakuti tangu miaka ya 1960, na yakuti, ikiondolewa rangi yake inayoletwa na kromiamu, chuma na titani kwa viwango vidogo sana, si kitu kingine ila alumina iliyoganda kwa fuwele safi, ambayo katika madini ya asili hushindwa kwa ugumu na almasi peke yake. Msidhani kwamba nawashauri mkasage vito kwa ajili ya kusubu puli za mashine. Bei ya alumina ya viwandani ni ndogo, na anayesaga yakuti anahitaji tabibu kabla ya mhandisi. Nataja Umba ili pasiwe na mtu humu anayedhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali.

Ugumu wa kazi hii, na hapa ndipo wengi waliposhindwa, ni kuzitia chembe ndani ya alumini iliyoyeyuka na kuzifanya zikae. Alumini huyeyuka kwa sentigredi 660, na papo hapo uso wake huvaa ngozi nyembamba ya alumina. Mkimwaga juu yake unga mkavu wa silikoni kabaidi, ambao ni mzito kuliko alumini na kwa kanuni ungepaswa kuzama, hauzami; hukaa juu ya ngozi ile, na mkiukoroga kwa fimbo ya chuma hujikusanya mabonge mabonge, kila bonge likiwa limefumbata hewa, kisha hurudi juu na kutoka pamoja na takataka mnazozikwangua. Hii ni kwa sababu alumini iliyoyeyuka hailowanishi chembe za namna hiyo. Dawa inayojulikana zaidi ni magnesiamu, kiasi cha sehemu 1 katika 100, kwa kuwa magnesiamu ina uchu mkubwa wa oksijeni na hurahisisha kushikana kwa majimaji na chembe. Na dawa ya pili ni kuzichoma chembe katika moto mkali kabla ya kuzitia, ili unyevu na mafuta yatoke na zisiingie zikiwa baridi. Na ya tatu ni kukoroga kwa parafujo inayozunguka kwa kasi mpaka majimaji yafanye shimo katikati, chembe zikamwagwa polepole ukingoni mwa shimo hilo.

Unyevu una hatari yake ya pekee ambayo sisi watu wa pwani hatuna budi kuichukulia kwa uzito. Mvuke wa maji ukikutana na alumini iliyoyeyuka, alumini hutwaa oksijeni na kuiacha haidrojeni, na haidrojeni huingia katika majimaji. Alumini ya majimaji huweza kushika haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayoshikwa na alumini iliyoganda. Basi wakati wa kuganda gesi hiyo hufukuzwa, na mahali inapopenda kukimbilia ni kwenye nyuso za chembe, ikafanya mapovu pale pale ambapo tulisema mzigo unapita. Katika miezi ya masika, hewa ya Tanga ikiwa nzito kwa unyevu, makaa yaliyolala nje na kalibu ya mchanga iliyotiwa maji kupita kiasi zinatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Na pana hatari nyingine kwa mwenye haraka: akizidisha moto ili chembe zilowe upesi, alumini huanza kuila silikoni kabaidi na kuzaa alumini kabaidi, kitu kisicho na nguvu na ambacho huoza kikiguswa na maji. Silikoni ikiwamo ya kutosha ndani ya alumini, mathalan sehemu 8 au 10 katika 100, uharibifu huo huzuilika. Na tazameni basi ilivyo ajabu kwamba pistoni chakavu, tuliyoanza nayo, tayari ina kinga hiyo ndani yake.

Mtu mwenye busara atauliza: na chuma cha wazee wetu? Katika Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na chuma cha huko kiliuzwa mpaka Uchagani. Chuma kilichotoka katika tanuri zile za udongo na mivukuto hakikuwa kimeyeyuka. Kilitoka kikiwa bonge lililojaa takataka za madini, na mhunzi alilipasha moto na kulifua tena na tena mpaka nyingi zikatoka, na zilizobaki zikavutika kuwa nyuzi ndani ya metali. Basi hicho nacho kilikuwa metali yenye chembe ngeni ndani yake. Lakini si sahihi kusema, kama nilivyosikia ikisemwa kwa mapenzi ya kusifu mambo ya kale, kwamba takataka zile ndizo zilizokiimarisha. Zilikuwa nyepesi kuvunjika, hazikushikana sana na chuma, na ndiyo maana mhunzi alitumia mkono wake na makaa yake kuzitoa. Sifa ya Washana ni kwamba walijua nini cha kufukuza, na sifa hiyo yatosha, haihitaji kupambwa.

Kwa kipimo hicho hicho nataka kuyahukumu mashauri tunayoletewa siku hizi za kutia katika alumini kila jivu lipatikanalo. Jivu la maganda ya mpunga, ambalo Korogwe na Mombo linaweza kupatikana kwa magunia, ni silika kwa sehemu kubwa mno, na silika haidumu ndani ya alumini iliyoyeyuka: alumini huipokonya oksijeni, ikazaliwa alumina na silikoni. Natija hiyo si mbaya, na kwa anayeitawala ni njia ya kupata chembe zilizoshikana vyema kwa kuwa zimezaliwa humo humo; ila mwenye kudhani kwamba ametia jivu na jivu limebaki jivu hajui anachouza. Makaa ya vifuu vya nazi nayo yalijaribiwa na wataalamu wa India, Murali, Surappa na Rohatgi, walioandika habari zake mwaka 1982. Makaa ni mepesi, na chembe za kaboni hufaa pale unapotakiwa wepesi. Nguvu ya kubeba hayana, wala yasitarajiwe kuwa nayo. Na mchanga wa Raskazone uachwe ufukweni. Una chumvi, una vipande vya kauri na matumbawe, na chembe zake ni kubwa mno, ukubwa ambao hauzuii wala haubebi, bali hupasua.

Wala bei ya ugumu haikwepeki. Alumini ya kawaida ya ujenzi iliyorudishiwa moto huweza kurefuka sehemu 12 au zaidi katika 100 kabla ya kukatika. Ikitiwa chembe kwa wingi hukatika baada ya sehemu chache tu. Zana ya chuma ya kukerezea hulika upesi ikigusana na chembe, hata viwanda vikubwa hulazimika kutumia almasi. Ndiyo sababu Toyota, ilipoanza katika miaka ya 1980 kuimarisha pistoni za dizeli kwa nyuzi fupi za alumina na silika, haikuziimarisha pistoni nzima. Iliimarisha mfereji wa ringi ya juu peke yake, mahali panapolika, na mwili uliobaki ukaachwa na unyumbukaji wake. Nami naona hiyo ndiyo akili ya kazi yote hii, na aliyeipata hiyo amezidi maarifa ya mwenye kujua hesabu za Orowan kwa moyo.

Nini basi kifanyike hapa? Mafundi wa kusubu wa Mabawa na kwingineko mjini wazitenge pistoni na vichwa vya silinda mbali na sufuria, nyaya na mabati ya alumini tangu siku ya kununua, kwa sababu wakizichanganya wanaipoteza silikoni ambayo mtu mwingine amekwisha kuilipia. Wakaushe makaa, chungu cha kuyeyushia na kalibu. Wasizidishe moto kwa tamaa ya wepesi. Na kabla ya kununua unga wowote wa kuongezea, wavunje walichosubu na kuutazama uso wake. Shule ya Ufundi ya Tanga na shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nayaomba yawape mafundi hao nafasi ya kung'arisha vipande vyao na kuvitazama kwa hadubini, jambo lisilo na gharama kubwa. Metali ya namna hii ifanyiwe puli, vifuniko vya pampu, mabushi ya mashine za kusaga na za kuchambua mkonge, na kila kinachosuguana. Vyombo vya jikoni ni shauri jingine: katika nchi kadhaa za Afrika sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu zimepimwa zikakutwa na risasi inayotoka na kuingia katika chakula, na risasi huharibu akili za watoto. Sufuria ya kupikia isisubiwe kwa pistoni wala kwa mchanganyiko wowote usiojulikana asili yake, na anayeisubu hivyo akijua, azuiwe.